Bibi na Kijiji cha Maiti

Bibi alikuwa chini.

Kalala kwenye zulia la sebuleni, uso umeelekea kibla, kikombe cha kahawa kimepinduka karibu na mkono wake. Kwenye televisheni tamthilia yake ya Kiingereza inaendelea, na humo pia kuna mtu kalala chini.

"Bibi?"

Kimya.

"Bibi, chai tayari..."

Bibi yangu, Mwanamize, hajapata kuitwa kwenye chai akanyamaza.

Wasomaji wangu, kaeni vizuri. Yaliyonifika likizoni, nyumbani kwetu Al Khoudh, alasiri ile nayaandika kwa heshima zote, maana nilidhani nimeua mtu.

Mimi naitwa Maram. Nasoma skuli ya bweni Uingereza, ambako nimefunzwa hesabu, adabu za mezani na kusema uwongo bila kutikisa nyusi. Bibi ana tamthilia yake ya vijiji vya kule: nyumba za mawe, mawaridi mlangoni, kanisa, bata bwawani, na kila wiki mtu anauawa. Kijiji kimoja walichopigia picha nimeshakifikia na wenzangu wa skuli. Kitu cha kutisha nilichokiona ni bata bukini aliyenifukuza mpaka kwenye basi.

Baba akaahidi kumpeleka Bibi akavione mwenyewe. Viza zikatoka. Bibi akawatangazia wenzake wote wa darsa la Kurani.

Ndipo mimi, kwa uso wa kadhi, nikamwambia:

"Bibi, wageni wakifika pale, wapiga picha huchagua mmoja awe maiti."

"Maiti wa kweli?"

"Wa kuigiza. Lakini lazima ajue kuzuia pumzi."

"Na mtu mzima wanamtaka?"

"Watu wazima ndio hasa. Wanakufa vizuri zaidi."

Akaanza mazoezi siku ileile. Kila nikipita chumbani kwake namkuta kafumba macho, kavimbisha mashavu. Mimi huyo, nakwenda kucheka ndani ya mto.

Sasa nilikuwa nimepiga magoti pembeni yake, na kicheko chote kimeniisha.

Leso imemfunika mpaka vidole vya miguu. Nikaweka kiganja puani kwake. Hakuna hewa... Nikajua: kazuia pumzi, moyo ukagoma. Kaona mauti yanakuja, akajielekeza kibla peke yake, na mimi niko jikoni natia sukari.

Nikampigia Shangazi Kheiria, anayekaa Sib, mwendo mfupi wa gari.

"Shangazi, Bibi hapumui."

"Mara hii Bibi? Likizo iliyopita ulikuwa wewe."

Hapo niwaeleze. Likizo iliyopita nilijilaza barazani, sosi ya tungule shingoni kama damu. Shangazi alikuja kutoka Sib bila viatu.

"Shangazi, wallahi..."

"Hata siku ile uliapa. Msalimie maiti."

Akakata.

Baba simu kaizima, yuko kikaoni. Nikakimbilia ukutani kwa jirani, Ami Msellem, anamwagilia mitende yake.

"Ami, njoo, Bibi kafa!"

Hata mpira wa maji hakuuweka chini.

"Nikimaliza mti huu nitakuja kumzika."

Nikarudi ndani. Nikainama sikioni mwa Bibi nimsomee shahada, yakatoka mengine.

"Bibi, hakuna anayetafuta maiti. Nilikudanganya. Amka, tafadhali..."

Nikaanza kubonyeza namba ya dharura.

Mkono wa baridi ukanishika kifundo cha mkono.

"Weka simu."

Ukelele nilioutoa, mitende ya Ami Msellem ingali inaukumbuka.

Bibi akaketi, akaivuta leso yake vizuri.

"Maiti wa kwenye tamthilia wanalala miguu wazi. Mie siwezi."

"Bibi... uko hai?"

"Jana nimemuuliza baba yako hiyo kazi ya umaiti. Kacheka mpaka kakaa chini. Na mie nshawaambia darsa zima wanitazame kwenye televisheni. Nikasema, ngoja na mie nimfie kidogo."

Nikacheka na kulia kwa pamoja.

"Na Shangazi na Ami Msellem? Uliwapanga vizuri, Bibi. Wote wakajifanya hawaniamini."

Mkono wake ukasimama juu ya kikombe.

"Mie sikumpanga mtu. Umewaita?"

"Nimewaita."

"Kheiria kasemaje?"

Nilitamani kudanganya. Sikuweza.

"Kasema nikusalimie."

Bibi akautazama mlango. Tukasikiliza pamoja. Hakuna gari lililosimama, hakuna aliyepiga hodi. Ukutani maji yanamwagika kwenye mitende, taratibu. Nikaona kitu ambacho sijapata kukiona usoni mwake. Aliogopa.

"Yaani ningekuwa nimekufa kweli..."

Akakiinua kikombe, akakiweka mezani.

Hakunipiga, wala hakumwambia Baba. Alisema tu kwamba haendi nchi ya watu na mjukuu ambaye akiita msaada haitikiwi. Mpaka Shangazi atakaponiamini, viza zikae kabatini.

Tangu hapo nampigia Shangazi kila siku kumwambia jambo la kweli. Leo tumepika mchuzi wa papa. Paka kazaa nyuma ya tangi. Mwanzoni alikuwa akikata simu; siku hizi husikiliza mpaka mwisho, na Bibi kaanza kupanga nguo.

Funzo langu ni hili, ndugu zangu wazushi: watu uliowakimbiza bure ndio haohao utakaowahitaji, na hutawachagulia siku ya kukuchoka.

Jana nilipiga tena.

"Shangazi, Bibi anakuita. Sanduku lake la safari halifungi."

Nikasikia funguo za gari.

"Nakuja," alisema. "Lakini mara hii navaa viatu kwanza."