Trela la Kumkimbia Mzee Orville

Ilianza na kijiko. Siku ya tisa baada ya kumzika mzee Orville, saa sita mchana, jua la Oklahoma likiwa limekausha hata magugu ya uani, Verna alikuwa anakunja nguo aliposikia toka chumba cha nyuma: ting, ting, ting. Kijiko kinagonga glasi. Ndivyo mzee, baba wa mumewe, alivyokuwa akiomba maji tangu kiharusi kilipomfunga ulimi.

Alikwenda kutazama. Chumba kilikuwa kitupu, godoro lenyewe lilishatolewa. Lakini harufu ya kafuri, ile aliyokuwa akimsugua kifuani, ilimpanda puani kama kopo limefunguliwa sasa hivi.

Verna alikuwa mtu wa kanisani, wa benchi la pili kutoka mbele, ila moyoni alikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Siku mzee alipokata roho, kijiko kiligonga muda mrefu. Yeye alikuwa amekaa barazani, amechoka, ana hasira, akajisemea kimoyomoyo: leo asubiri. Alipoingia, mzee alishapoa, na glasi mkononi haikuwa na hata tone.

Wiki iliyofuata alimkuta binti yake Josie, mtoto wa miaka sita, anavuka ukumbi na kikombe cha maji.

"Unampelekea nani?"

"Babu. Ana kiu."

"Babu amekufa, mwanangu."

"Najua, mama. Lakini bado ana kiu."

Tangu hapo mtoto akaanza kukauka. Alikunywa maji kutwa, midomo ikapasuka, macho yakazama, na daktari aliyempima mara mbili hakuona ugonjwa. Na Delbert, mume, ambaye hapo mwanzo alisema ni mabomba, siku moja alikisikia kijiko mwenyewe. Akaweka chakula chini, akamwita Mchungaji Hobart.

Mchungaji alipaka mafuta matakatifu kila mwimo wa mlango. Alipofika chumba cha nyuma, akamgeukia Verna. Akanong'ona, "Dada Verna, kuna dhambi imefichwa humu? Iseme sasa, imwachie mtoto."

Verna akamtazama mumewe, aliyekuwa bado amevaa kofia ya babake.

"Hakuna, Mchungaji. Ni nyumba tu. Nyumba hii ina kitu."

Mungu amsamehe, neno hilo ndilo lililouza nyumba.

"Kama ni nyumba, tunaiuza," alisema Delbert. "Nanunua trela, lile la vitanda na jiko. Hicho kitu kina magurudumu?"

Muuzaji wa matrela alikuwa mcheshi. "Wenzenu wananunua hili wakavue samaki," alisema. "Nyie mbona mna sura za waliovuliwa?" Jirani naye akapiga kelele toka uani kwake, "Delbert! Umekuwa konokono, bwana! Unabeba nyumba mgongoni!" Delbert akacheka, na Verna akakumbuka kwamba miezi ilikuwa imepita bila kusikia kicheko hicho.

Asubuhi ya kuondoka, Delbert alijaza tangi la maji la trela mpaka likafurika. Kisha Mchungaji akalizunguka trela kwa mafuta, mlango, kila dirisha, hata tundu la moshi juu ya paa, akiomba kwamba roho yoyote isipite mahali hapo, si kuingia wala kutoka. Verna alikuwa ameketi ndani, amempakata Josie, na kila dirisha lilipopakwa alisema amina.

Dirisha la mwisho lilipopakwa, akasikia harufu ya kafuri.

Hakuthubutu kugeuka, kwa maana ile harufu haikutoka mlangoni wala dirishani, ilitoka nyuma yake, karibu na shingo yake, kwa kitu ambacho hakikuwa cha chumba wala cha nyumba bali kilikuwa kimekaa naye siku zote, kikaingia humu pamoja naye alipoinua mguu kupanda ngazi, na sasa wamefungiwa kwa mafuta na maombi na amina zake mwenyewe, yeye na kitu hicho na mtoto.

Ting, ting, ting.

Alirukia bomba la jikoni, akalifungua. Likakohoa hewa, likanyamaza. Nje ya kioo Mchungaji alikuwa anafunga kichupa chake na Delbert anamshika mkono, wanacheka wote wawili. Verna akafungua kinywa aseme yote, sasa hivi, mbele ya mumewe, liwalo na liwe. Ulimi haukuinuka. Ulilala mdomoni mzito, mkavu, kama ule wa mzee.

Delbert akapanda pikapu ya kuvuta, ikaunguruma. Trela likaanza kwenda.

Josie alimvuta sketi. Midomo yake ilikuwa imepasuka mpaka damu.

"Mama, nimemwomba babu maji," alinong'ona. "Amesema, leo nisubiri."