Oili Chini ya Miti ya Machimbo

Kila asubuhi dobi mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Karai, alifua mashuka ya zahanati kwa maji ya chemchemi. Jumanne moja aliinua shuka kutoka kwenye beseni, akashtuka. Lilikuwa na madoa meusi. Akalinusa. Oili!

Alifuata mkondo wa maji mpaka msituni. Chini ya miti, mtu alikuwa amemwaga oili chafu ya magari. Kando palikuwa na dumu lenye mpini wa njano. Alilijua. Lilikuwa la gereji ya mdogo wake.

Alilibeba hadi gereji, damu ikimchemka.

"Hili dumu la nani?"

Mdogo wake alitoka chini ya gari. "Langu, dada. Umeliokota wapi?"

"Usinifanye mjinga. Unajua ulikoliacha!"

"Aa, kule machimboni? Si shimo tu lile?"

"Shimo!" Mafundi wengine waliacha nyundo. "Baba yetu alivunja mawe pale miaka ishirini, vumbi likamla mapafu. Mawe yalipokwisha, kampuni ya machimbo ilifungasha virago. Haikufukia hata futi moja! Wewe ulikuwa unanyonya. Mvua ikalijaza shimo maji, mtoto wa jirani akazama. Ndipo sisi wanawake tukabeba udongo kichwani, karai kwa karai, miaka saba. Miche ya kwanza ilikauka yote. Tulilia, tukapanda tena. Leo pana msitu, ndege wamerudi, serikali imepafanya hifadhi. Na wewe, mtoto wa mvunja mawe, unapaita shimo!"

Yule fundi, mdogo wake, aliinamisha kichwa. "Nilidhani ardhi inainywa oili, inakwisha."

"Twende kwa anayejua."

Afisa misitu aliwapeleka mahali pale pale. Alifukua udongo kidogo kwa kisu, mwamba ukaonekana, una nyufa.

"Baruti ndiyo iliyopasua mwamba huu," alisema. "Udongo uliobebwa na akina mama ni mwembamba kama blanketi. Oili inaupita, inaingia kwenye nyufa, inashuka hadi chemchemi. Na mizizi iliyofunikwa na oili haipati hewa."

"Nifanye nini, bwana afisa?"

"Chimba udongo wote uliolowa, utie kwenye mapipa. Usiuchome wala kuuzika. Nitaagiza gari liuchukue. Kuanzia leo, oili chafu weka kwenye pipa lenye kifuniko, usiichanganye na maji wala petroli. Wapo wanaoikusanya na kuisafisha. Na maji ya chemchemi yasitumike mpaka yapimwe."

Fundi alichimba siku nne. Mama Karai alisimama akimtazama, wala hakushika koleo. Majirani walichota maji mbali, na kila aliyepita gereji na ndoo alimpa fundi maneno yake. Aliyameza yote. Kisha aliwaendea wenye gereji mbili za jirani, akawaeleza alichojifunza. Nao wakaweka mapipa.

Baada ya miezi mitatu maji yalipimwa. Yalikuwa safi, watu wakarudi kuchota. Lakini miti miwili ilikuwa imekufa. Fundi alipanda miche mahali pake.

"Dada, umenisamehe?"

"Mimi nimekusamehe," alisema Mama Karai. "Lakini mti huu uliokufa niliupanda wewe ukianza shule. Sasa wewe una ndevu. Hesabu mwenyewe huo mche utatufikisha lini pale tulipokuwa."

Fundi alichukua ndoo, akaenda kuchota maji ya kuumwagilia.