Mate ya Baraka

Jioni hiyo nilikuwa nimetumwa dania na ndimu tu. Niende Waiyaki Way, nirudi Loresho kabla ya giza. Bi Mishi, mwenye nyumba ninakopika, alikuwa na wageni kesho yake, na alishaniambia wazi: "Dada Nzula, pilau ikiharibika tena, mimi na wewe basi."

Simlaumu. Miezi minane kinywa changu kilikuwa kinawaka moto. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe, lakini ulimi unachoma kutwa kucha. Mpishi asiyeweza kuonja ni mpishi wa nini jameni? Na kazi hiyo ndiyo inayolisha watoto wangu wawili kule Kitui.

Daktari Anita wa mjini ndiye peke yake aliyenisikiliza bila kunicheka. Alisema ni mishipa ya fahamu inayopiga kelele bure. Akanipa vidonge vidogo. "Usimeze. Nyonya dakika tatu, mate yakae ulimini, na usiongee. Halafu tema."

Saa ya dawa ilinikuta njiani nikirudi na kikapu, pale barabara inapopinda kwenye ua mrefu wa miiba ya kei. Nikatia kidonge mdomoni, nikatega kengele ya simu dakika tatu.

Nikasikia nyayo nyuma yangu. Mtu anatembea pekupeku.

"Mwaitu..."

Ndivyo Wakamba tunavyomwita mama mtu mzima kwa heshima. Nikageuka. Mwanamke mwembamba, leso imemfunika mpaka machoni, amepakata mtoto mchanga. Harufu ya makaa yaliyomwagiwa maji ikanijaa puani.

"Mwaitu, huyu hajatemewa mate na mtu yeyote. Nibarikie."

Sasa nielewe. Kwetu mama mtu mzima humtemea mtoto mchanga mate kidogo kifuani, kumtakia mema. Ukiombwa ukakataa, ni kama umemlaani. Nikamwonyesha shavu langu, nikamwonyesha simu. Ningemjibu nini, na mdomo umejaa dawa?

"Najua," akanong'ona. "Nitangoja."

Anajuaje?

Nikakaza mwendo. Yupo. Nikasimama. Akasimama. Mtoto halii, hakohoi, hata pumzi yake siisikii...

Imebaki dakika moja.

Sikudanganyi, ningetimua mbio, lakini kumkimbia kungekuwa kumkatalia mtoto.

Simu ikalia.

Mwanamke akafunua leso. Kifua kidogo, kikavu. "Tema, mwaitu."

Nilifikiria kutema kando, majanini. Lakini mtoto ni mtoto! Nikainama, nikamtemea.

Tsssss...

Kama maji kwenye kikaango cha moto. Mtoto akapanua kinywa, ulimi mwekundu, akatoa ukelele ulionipasua kichwa. Na kinywa changu kikapoa. Papo hapo! Nikang'ata ndimu hapohapo barabarani, nikasikia uchachu wake wote, nikalia kwa furaha kama mwendawazimu. Nilipoinua macho, mwanamke hayupo.

Pilau ya kesho yake ilisifiwa hadi na mzee Mbarak, mume wa Bi Mishi, ambaye husifu mara moja kwa mwaka. Nilimpigia daktari kumweleza. Akaniambia: "Dawa hiyo huchukua wiki kadhaa, Nzula. Si mara moja namna hiyo. Pengine una bahati." Habari ya mtoto sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Alhamisi, jua likizama, nikatoka kumwaga taka getini. Harufu ikanipokea kwanza. Makaa na maji.

Halafu kilio.

Alikuwa nje ya geti, leso vilevile. "Mwaitu, hanyonyi. Hamezi. Hata maji yanamchoma." Akamsogeza mtoto kwenye nafasi ya vyuma vya geti. "Moto huo ni wako. Panua kinywa, akurudishie."

Mimi ni mama. Na katika Loresho nzima hakuna aliyejua kuliko mimi kile kitoto kilikuwa kinalilia nini. Usiku wa kutolala. Maji kugeuka moto. Nilijua, na nikawaza kazi yangu, nikawaza wanangu, nikawaza miezi minane.

Nikaziba mdomo kwa mikono miwili, nikarudi ndani mbio. Muasya, soja wetu wa getini, alikuwa amekaa hatua tano tu kutoka pale. Aliniuliza ninakimbia nini. Hakuona mwanamke, hakusikia mtoto.

Mimi namsikia kila jioni. Sauti imekonda sasa, inakatikakatika, na juzi kimya kilikuwa kirefu mpaka nikadhani amekufa, nikashukuru Mungu. Kisha akaanza tena. Nikaketi nikala chakula changu chote, na kila tonge lilikuwa tamu.