Siku Kreni Iliposimama

Wenzake walimwita Mwewe. Jina hilo lilimganda tangu alipoanza kazi ya kuendesha kreni, ile mashine ndefu ya chuma inayoinua mizigo kwenye ujenzi wa maghorofa. Kila asubuhi alipanda ngazi iliyo ndani ya mlingoti wa kreni, akishika chuma kimoja baada ya kingine, mpaka akafika kwenye kibanda kidogo cha vioo. Humo alikaa peke yake saa nyingi. Chini yake watu walionekana wadogo kama siafu waliovaa kofia za njano.

Alikuwa fundi hasa. Aliweza kushusha ndoo ya zege mahali palepale palipotakiwa, taratibu, kama mama anavyomlaza mtoto. Lakini mara nyingi hakuona mzigo unakoshukia, kwa kuwa jengo lenyewe lilimziba. Hapo alimtegemea mpiga ishara wake, mtu mwembamba mwenye maneno mengi aliyeitwa Kidole. Kidole alisimama karibu na mzigo akiwa na simu ya upepo mkononi. Akisema shusha, Mwewe anashusha. Akisema simama, Mwewe anasimama. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi, wakajuana hata kwa kukohoa.

Mwaka ule walikuwa wanajenga wodi mpya za hospitali. Mvua zilikuwa zinakaribia, na paa lilikuwa bado. Kisha mwendesha kreni wa pili, aliyekuwa akimpokea zamu, akaumwa mgongo, akaacha kazi. Hakuletwa mwingine. Nyapara, yaani msimamizi wa mafundi, alimwomba Mwewe ajikaze kidogo tu. Hiyo "kidogo" haikuwa na mwisho. Mwewe alipanda kabla jua halijachomoza, akashuka giza likiwa limeingia. Chakula cha mchana walimvutia juu kwa kamba, na mara nyingi kilishuka kama kilivyopanda.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha, na kutoka hapo aliona kila anayeingia. Alimwona mumewe akirudi mabega yamemshuka. Zamani akifika alikuwa akimtania binti yao na kuuliza ni nani kamaliza sukari. Sasa aliingia kimya, akakaa, akakodolea macho ukuta. Siku moja binti aliangusha mfuniko wa sufuria. Mwewe aliruka kutoka kitini, akamfokea mtoto mpaka akalia. Kisha yeye mwenyewe akatoka nje na kusimama kando ya tangi la maji.

Mkewe alimuuliza ana nini. Alijibu kwamba ni uchovu tu. Hakumwambia kwamba moyo ulikuwa unamwenda mbio hata akiwa amelala chali. Hakumwambia kwamba usingizi ulimkimbia, na kwamba alisikia sauti ya simu ya upepo masikioni hata kitandani. Aliona aibu. Kanisani yeye ndiye aliyeimba besi. Yeye ndiye aliyewatembelea wagonjwa na kuwaambia wasiogope, Mungu yupo. Sasa aanzie wapi kusema kwamba yeye mwenyewe anaogopa kwenda kazini? Aliomba kimoyomoyo apewe nguvu. Nguvu hazikuja. Akaanza kudhani kwamba imani yake ilikuwa imemwishia bila yeye kujua.

Basi siku moja mchana, jua likiwa kali, Mwewe alikuwa anainua mzigo wa nondo. Nondo ni vyuma virefu vinavyowekwa ndani ya zege, na mzigo mmoja tu unaweza kuua watu kadhaa. Aliuzungusha kwenda upande wa pili wa jengo, mahali asipopaona. Kidole alisema asimame.

Mwewe hakusikia. Macho yake yalikuwa wazi na mkono wake ulikuwa kwenye kishikio cha kuongozea mashine, lakini akili haikuwapo. Alikuwa kama mtu aliyelala ameketi. Kidole akarudia, kisha akapaza sauti. Mwewe alishtuka, akavuta breki. Mzigo ukayumba, ukakwaruza nguzo, ukapita juu ya kichwa cha Kidole. Kidole alikuwa amejitupa chini kifudifudi. Kofia yake ilibingirika mpaka ukingoni mwa ghorofa, ikaanguka.

Hakuna aliyeumia. Lakini kazi yote ilisimama.

Mwewe alishusha mzigo, akazima mashine, akateremka. Alipofika chini akakaa juu ya mfuko wa saruji. Kidole akamjia, nguo zote vumbi. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Leo hukunisikia," alisema.

"Sikukusikia," Mwewe alijibu.

"Nina watoto watatu, ndugu yangu."

Kidole alikaa pembeni yake, wakatazama ardhi pamoja.

Jioni ile Mwewe alimweleza mkewe yote. Alisema ameamua kuacha kazi, na kuacha kuimba kanisani pia, kwa sababu ni unafiki kuimba habari za amani na ndani hakuna amani. Mkewe alisimamisha cherehani. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu wala hakumbishia. Alichukua simu akampigia dada yake mkubwa.

Huyo dada alikuwa muuguzi hospitalini. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza wagonjwa waliolemewa na mawazo, na Jumapili alifundisha Biblia kanisani kwao. Kwa Mwewe alikuwa shemeji, na mashemeji hawa hawakuachiana utani. Alifika Jumamosi asubuhi, akavua viatu mlangoni, akasema amesikia kuna ndege katua hataki kuruka. Mwewe alicheka kidogo, bila kupenda. Ndicho kicheko cha kwanza nyumbani mle baada ya muda mrefu.

Shemeji alimuuliza maswali kwa upole. Unalala? Unakula? Kifua kinabana? Umewahi kuwaza kujidhuru? Mwewe alijibu moja moja. Kujidhuru hakuwaza, alisema, lakini kuna asubuhi alitamani asiamke. Mkewe aliposikia hayo aliinamisha kichwa.

"Asante kwa kusema," shemeji alimwambia. "Hilo ni neno zito. Sasa nikupe habari ya mtu aliyesema kama wewe."

Akafungua Biblia, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya kumi na tisa. Aliwasomea polepole, akaeleza kwa maneno yake. Nabii Eliya alikuwa amefanya kazi kubwa na ngumu. Baada ya hapo akatishiwa kuuawa, akakimbia. Alikwenda jangwani peke yake, akaketi chini ya mti mdogo, akamwambia Mungu kwamba yametosha, sasa afe tu. Kisha akalala.

"Wewe ungekuwa malaika, ungemwambiaje?" shemeji aliuliza.

Mwewe alifikiri. Alisema angemwambia ajikaze. Angemkumbusha kwamba yeye ni nabii, na nabii haogopi.

"Tazama sasa malaika alifanya nini. Hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ainuke ale. Pembeni yake kulikuwa na mkate wa moto na maji. Eliya akala, akanywa, na akalala tena. Malaika alimwacha alale. Alipomwamsha mara ya pili alimpa chakula tena, akamwambia kwamba safari iliyo mbele imezidi nguvu zake."

Mwewe aliomba Biblia aone mwenyewe. Alisoma kwa kufuatisha kidole chini ya mistari. Ni habari aliyokuwa ameisikia tangu utotoni, lakini kila mara alikuwa amekimbilia sehemu ya moto na muujiza. Huu mkate hakuwahi kuuona.

"Kwa hiyo Mungu hakumkasirikia?" aliuliza.

"Unaona mahali popote amemkasirikia?"

Alitafuta. Hakuona. Machozi yakamtoka mbele ya shemeji yake, jambo ambalo hakutegemea kulifanya maishani.

Shemeji alimwacha alie. Kisha akaendelea kusoma. Eliya alipopata nguvu alifika mlimani. Upepo mkali ulipita, kisha tetemeko, kisha moto, lakini Mungu alisema naye kwa sauti ndogo, ya utulivu. Eliya alilalamika kwamba amebaki peke yake. Mungu akamjulisha kwamba wako wengine wengi, akampa Elisha awe msaidizi wake.

"Woga wako si dalili kwamba huna imani," shemeji alisema. "Ni mwili unaokwambia kwamba mzigo umezidi. Eliya alipata chakula, usingizi, neno la Mungu na mtu wa kusaidiana naye. Wewe unaomba tu, na hivyo vingine unavikataa."

Alimpa na mambo ya kufanya. Siku hiyo ale, alale, asifikirie lolote kubwa. Asiamue kuacha kazi akiwa katika hali ile. Siku ya kazi ikifika aanzie hospitali apimwe, kwa sababu moyo kwenda mbio si jambo la kupuuza. Asipande kreni mpaka apumzike. Na amwambie nyapara ukweli. Mwewe alisema afadhali apande mlingoti kwa mikono mitupu kuliko kumwambia nyapara maneno hayo. Shemeji akajibu kwamba ndiyo maana asiende peke yake.

Mchana ule Mwewe alikula wali sahani nzima, akalala mpaka jioni. Binti alipita kwa kunyata kila alipokwenda jikoni.

Hospitali walikuta shinikizo la damu limepanda. Daktari alimpa dawa, akamwandikia mapumziko ya juma moja, akamtaka arudi kupimwa. Kutoka huko Mwewe alimpigia Kidole simu, akaenda kazini, akamkuta getini anamsubiri. Wakaingia pamoja kwenye kibanda cha mabati cha nyapara.

Nyapara hakupendezwa. Alikuwa na macho mekundu na ramani zimetapakaa mezani. Alisema mvua ziko mlangoni. Alisema kila mtu amechoka, hata yeye amechoka. Aliuliza kama Mwewe anataka kumwangusha.

Mwewe alihisi moyo unaanza tena kumwenda mbio. Akavuta pumzi. Akajisemea moyoni kwamba safari imezidi nguvu zake, na kwamba kulisema hilo si dhambi.

"Mkuu, mimi sikukimbii," alisema. "Lakini nikipanda leo kama nilivyo, naweza kuua mtu. Juzi nusura nimuue huyu."

Nyapara alimtazama Kidole. Kidole alivua tu kofia yake mpya.

Mwishowe nyapara alikunja ramani moja, akasema kreni itasimama.

Kreni ikasimama juma zima. Mafundi walifanya kazi za chini, kujenga kuta na kukunja nondo. Nyapara alipiga simu huku na huko, akapata mwendesha kreni wa pili, mwanamke mtulivu aliyewahi kufanya kazi bandarini. Tangu hapo wakawa wanapokezana. Mmoja akiwa juu, mwingine anapumzika au anakula kivulini. Ilipitishwa pia kwamba mpiga ishara akiona mwendesha kreni hajibu haraka, ana haki ya kusimamisha kazi, na hakuna wa kumgombeza. Mvua za kwanza ziliwakuta paa halijaisha. Walifunika kwa maturubai, wakangoja, wakaendelea. Jengo likakamilika likiwa limechelewa, na hakuna mtu aliyeumia.

Woga wa Mwewe haukuondoka siku moja. Kuna asubuhi aliamka kifua kinambana kama zamani. Siku kama hizo alimwambia mkewe badala ya kuficha. Walisoma pamoja Zaburi moja fupi kabla ya chai, mara nyingine mkewe akisoma na yeye akisikiliza tu macho yamefumbwa. Kisha alikula. Hilo mkewe alilisimamia kama askari. Alimeza dawa zake na kurudi hospitali kila alipotakiwa. Kanisani alirudi kuimba, na siku moja aliwaeleza wanakwaya wenzake mambo yaliyompata. Baada ya ibada mwalimu mmoja na dereva wa lori walimvuta pembeni, kila mmoja kwa wakati wake, wakamweleza ya kwao.

Jengo lilipokuwa karibu kwisha, nyapara alimkuta Mwewe amekaa kivulini wakati wa mapumziko. Alisimama muda, anachokoa udongo kwa ncha ya kiatu. Aliuliza habari za kreni, ingawa alizijua. Aliuliza habari za mvua. Kisha akashusha sauti.

"Kidole aliniambia kuna mtu katika Biblia alichoka akaomba afe. Ni habari ya kweli, imeandikwa?"

"Imeandikwa, mkuu."

"Na Mungu akamfanyaje?"

Mwewe alimtazama vizuri. Aliona yale macho mekundu, na shati lililokuwa limeanza kumpwaya. Akasogea kumpisha nafasi kivulini, akafungua bakuli lake la chakula, akalisukuma katikati yao.

"Kaa kwanza ule," alimwambia. "Halafu nitakusomea."