Barua ya Kumwita Nyota

Kila jioni saa kumi na mbili mama alizima cherehani, na hapo nyumba nzima ikanyamaza kungoja simu ya baba. Baba alikuwa trafiki katika jiji la mbali, na ilikuwa miezi saba hajarudi. Bintiye wa miaka kumi na miwili, aliyeitwa Kidoti kwa alama nyeusi iliyokuwa kidevuni mwake, alianza kuijua sauti ya baba kuliko sura yake.

Jioni moja baba alipiga simu huku akicheka. "Mwanangu, watu wa filamu wamevamia njiapanda yangu! Ni hadithi ya mapenzi. Askari anampenda muuza maua wa ng'ambo ya barabara, lakini hawezi kuacha zamu akamwambie. Sasa huyo mwigizaji wao, uzuri anao, ila kusimamisha hata mkokoteni hajui. Kainua mkono, magari ya pande zote nne yakaingia kwa mpigo! Honi zililia mpaka viziwi wakaziba masikio. Nimemfundisha siku tatu."

"Na wewe utaonekana?"

"Wapi! Nilikuwa nyuma ya kamera."

Kesho yake darasani, Kidoti alimnong'oneza rafiki yake, "Baba kaigiza filamu. Yeye ndiye askari mwenyewe."

Rafiki huyo walimwita Redio, na hamna haja ya kueleza kwa nini. Kufikia saa nne baba alikuwa nyota. Kufikia saa sita alikuwa ameruka magorofa matatu akiwa na shada la maua mdomoni. Mwalimu mkuu naye akazipata habari, akamwandikia mkuu wa kituo cha polisi cha baba barua ya kuomba nyota huyo aje kuzungumza na wanafunzi.

Wiki moja baadaye Kidoti alisikia habari za barua hiyo, akakusudia kukiri. Lakini jioni ile simu ikalia.

"Shule yenu imeniita!" baba alipaza sauti. "Barua sijaiona, ila mkuu wangu kanipa siku nne. Siku hizi ananiita nyota, sijui kaota nini."

Mama akatoa mashuka mapya. Akafua mapazia huku akiimba, na Kidoti hakukumbuka lini alimsikia akiimba. Akajiambia, nikisema ukweli, haji. Akanyamaza siku moja, akanyamaza ya pili.

Siku ya tatu baba alisema, "Kesho natia saini fomu ya ruhusa. Lazima niandike sababu. Hivi nimeitiwa nini hasa?"

Kidoti aliishika ile simu kwa mikono miwili. Angeweza kusema lolote. Lakini jina litakaloandikwa pale chini ni la baba.

"Baba, nilidanganya. Niliwaambia wewe ndiye nyota wa filamu."

Magari ya jijini yalisikika yakipita.

"Basi siwezi kutia saini, mwanangu," baba alisema taratibu. "Nilishaanza kufunga begi."

Mama, aliyesikia yote, hakugomba. Alikunja mashuka akayarudisha sandukuni, na hilo lilimuuma Kidoti kuliko kiboko.

Asubuhi Kidoti alisimama mbele ya darasa, mwalimu mkuu akiwepo, akasema yote. "Kumbe nyota imezimika!" Redio alipiga kelele, darasa likaangua kicheko. Mwalimu mkuu hakucheka.

"Kwani baba yako alifanya nini hasa?"

Kidoti akasimulia zile siku tatu za kumfundisha mwigizaji. Mwalimu mkuu alichungulia dirishani, kule ambako watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakivuka barabara kama panzi.

"Huyu ndiye tunayemhitaji," akasema. Akaandika barua nyingine.

Majuma matatu yalikuwa marefu kama mwaka. Kisha baba akaja, na glavu zake nyeupe, akawapanga wanafunzi kando ya barabara, akawafundisha kuvuka mpaka Redio mwenyewe akanyamaza.

Wakati wa kurudi nyumbani Kidoti alimshika mkono. "Baba, hukutaka kuja ile mara ya kwanza?"

"Nilitaka mpaka usingizi ukanipaa. Lakini barua ile ilimwita mtu mwingine. Ningekuja kwa jina lake, ningekaa siku nne nikijifanya yeye, na wewe ungeendelea kunikosa nikiwa humo humo ndani. Uongo unaweza kukuletea mgeni, mwanangu. Baba yako ataletwa na ukweli, hata akichelewa."

Kidoti alipunguza mwendo, ili njia ya nyumbani iwe ndefu.