Taa ya Moshi, Jangwani

Hashimu aliiona barabara, kisha hakuiona tena. Mvua ilikuwa imeifanya alasiri nyeusi kama sufuria la kuni, na mafuriko ya bonde la Jangwani yakakisukuma kirikuu, kigari cha mizigo alichopanda na mkewe Ummy, hadi kikakwama mtaroni. Maji yakafika magotini, yakapanda mapajani. Taa za mbele zikafa.

Moja tu haikufa, ile ya juu ya paa. Hashimu, fundi wa magari mtaa wa Gerezani, alikuwa ameokota tabo kuukuu, ile feni ya chuma izungushwayo na moshi wa injini, akaifunga kwenye ekzosi, bomba la moshi alilolipandisha hadi juu ya paa. Moshi uliokuwa ukitupwa bure sasa ulizungusha dainamo, na dainamo ikawasha taa. Ummy alizoea kumtania kwamba ameoa moshi. Lakini injini ikizima, taa nayo kwaheri.

Ummy alitoka kupitia dirishani, akapanda juu ya paa, akapunga khanga mbele ya ule mwanga. Watu waliokuwa kwenye tuta wakamwona. Mmoja wao, Kasmir, akarusha kamba yenye mpira wa tairi.

"Tangulia," Hashimu alisema kutoka ndani, maji yakiwa kifuani. "Nikitoa mguu kwenye pedali ya mafuta, taa itazimika, hawatakuona."

Ummy akavutwa, akimeza tope. Alipokanyaga tuta tu, injini ilikohoa, ikanyamaza. Giza. Kasmir akarusha kamba, ikarudi tupu. Hakujua arushe wapi.

Ummy aliita jina la mumewe mpaka koo likakwaruza. Ndipo akaita neno ambalo mtu aliyelelewa na bibi hawezi kuliacha hewani.

"Kitendawili!"

Akarudia.

"Tega," sauti ikaja, nyembamba.

"Hana mdomo, pumzi yake yatuangazia."

"Sijui."

"Basi nipe mji."

"Chukua Kilwa."

"Kilwa sitaki. Nipe mwingine."

Hashimu akampa Lindi, Ummy akaukataa. Akampa Pangani, akaukataa. Kila mji ulipotajwa, Kasmir alirusha kamba kuifuata sauti, na kila mara sauti ilikuwa imefifia zaidi. Bagamoyo ilisikika nusu tu. Kisha kamba ikakaza.

Walimtoa kiganja kikiwa kimeungua, kwa kuwa alikuwa ameng'ang'ania bomba la moshi. Ummy akakifunga kwa pindo la khanga, huku akimgombeza: taa ya moshi ameitengeneza mwenyewe, kitendawili chake kimemshinda vipi?

"Nilikijua tangu mwanzo," Hashimu alisema, meno yakigongana. "Niliogopa nikikitegua, utanyamaza."