Kola ya Nafuna

Foleni ya sabuni siku ile ilianzia mlangoni mwa duka, ikapita mbele ya posta, ikakata kona mahali ambapo watu hawakujua tena wanangojea nini. Walisimama tu. Mwaka ule wa sabini na sita, ukiona watu wamepanga mstari mjini Kampala unasimama nao, halafu ndipo unauliza.

Safinah alikuwa katikati ya mstari. Gauni lake la rangi ya limau lilifika kwenye vifundo vya miguu kama amri ya serikali ilivyotaka, na mtandio mweupe ulimkaa kichwani kwa adabu. Mikono yake tu ndiyo haikutulia. Alikuwa akifuma lesi kwa kulabu ndogo ya chuma, uzi ukimtoka mkobani, ua la kitambaa likimkulia vidoleni.

"Dada, umeruka nguzo moja," sauti ilisema nyuma yake.

Hakugeuka. "Kaka, wewe angalia sabuni."

"Sabuni sijaiona. Nguzo nimeiona. Pale, kando ya kidole gumba."

Akahesabu vijiti vya uzi vilivyosimama kuzunguka ua. Kumi na moja. Vilitakiwa kumi na viwili. Hapo akageuka, akaona kijana mrefu mwenye suruali ya bugaluu ya kahawia, vidole vyake vyeusi kwa wino.

"Mwanamume wewe, lesi umeijulia wapi?"

"Hospitalini. Nilivunjika mguu nikiwa na miaka tisa. Sista mmoja alikuwa akikaa miguuni pa kitanda changu akifuma. Nilimtazama hadi nikaona wivu, nikamwomba kulabu."

Akaitoa ya kwake mfukoni mwa shati, katikati ya kalamu. Foleni nzima ikacheka.

"Banange! Kulabu mfukoni kama kalamu ya karani!" alisema mama mmoja. "Mpe uzi, nnyabo, tuone."

Safinah akampa. Kijana akafuma kwa mkono wa kushoto, upesi, bila kutazama, na ua lake lilipotokea lilikuwa zuri ila lilizunguka upande wa pili, kama saa inayorudi nyuma.

"Unatumia kushoto."

"Kuandika naandika kwa kulia. Lakini sista alinikabili, nami nikamwiga kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Sasa siwezi kufuma vingine."

"Basi ua lako linakwenda kinyume na langu."

"Ndiyo vizuri. Yatakutana njiani, yasalimiane."

Sabuni iliisha watu tisa mbele yao. Safinah alirudi nyumbani mikono mitupu, lakini namba ya simu ya kiwanda alikofanya kazi ilibaki kwenye mfuko wa kijana yule, Olweny, fundi wa mashine za taipu.

Safinah ndiye aliyekuwa akipokea simu pale kiwandani. Kutoka siku ile, kila saa nne asubuhi taa moja ilikuwa ikiwaka mbele yake.

"Haloo, naomba meneja."

"Meneja yupi, ssebo?"

"Yule mwenye sauti ya asali."

"Laini hii ni ya kazi."

"Basi niunganishe na moyo wako."

"Hiyo ina mtu anaongea."

"Nani huyo?"

"Mmoja anaitwa Olweny. Hanyamazi."

Safinah alimpeleka Olweny Mengo, kwenye baraza ya Nalongo, mama wa mapacha, mjane aliyemcha Mungu. Kila Jumamosi saa nane wanawake saba au wanane walikutana pale kufuma, si kwa kuuza, kwa mapenzi ya kazi tu. Uzi ulikuwa hauonekani madukani, kwa hiyo walifumua magunia ya unga, wakaufua na kuukunja upya. Nalongo alianza kwa sala, na Safinah, Mwislamu kati ya Wakristo, aliitikia amina pamoja nao. Baraza ilikuwa na sheria zake. Mwanafunzi hakai mbele ya mwalimu, anakaa ubavuni, asije akajifunza kinyume. Ukikosea hufumui wewe, anakufumulia jirani, ili usiifumue kwa hasira. Na hakuna kuulizana mume wa nani anafanya kazi gani.

"Huyu mwanafunzi wa kioo," Nalongo alisema alipoiona kazi ya Olweny, "lesi yake ningeijua hata gizani. Karibu, Bwana Harusi."

Jina likamganda. Nafuna, mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa Mbale asiyeishiwa utani, alimwuliza kila wiki harusi ni lini.

Safinah alilitundika ua moja la Olweny juu ya redio nyumbani kwao Makindye. Kaka yake Fadhul, sajini wa jeshi, aliyemlea tangu baba yao afariki, alilitazama akinywa chai.

"Hili mbona limegeuka?"

Safinah akamweleza kwa furaha habari za fundi wa taipu, sista na kitanda. Hakutaja jina, wala kabila la fundi. Alidhani hilo linatosha.

Februari ya mwaka uliofuata wanaume wa kaskazini, Waacholi na Walango, walianza kuchukuliwa na wanajeshi, wasirudi. Walichukuliwa kazini, njiani, kanisani. Olweny alikuwa Mwacholi, na kazi yake ilimwingiza katika ofisi za serikali ambako karatasi hubaki kwenye mashine, hivyo ilikuwa rahisi kumwita jasusi. Saa nne ikafika, taa haikuwaka. Kesho yake pia. Wiki tatu Safinah alisema haloo kwa dunia nzima isipokuwa mtu mmoja. Kumwulizia asingeweza, maana kila laini ilikuwa na masikio. Nyumbani alimpigia kaka yake pasi sare, akazitazama buti zake mlangoni, akaogopa kuuliza zimetoka wapi.

Jumamosi ya tatu Nafuna alifika barazani amevaa blauzi ya bluu, na shingoni kola mpya ya lesi, maua kumi na manne yaliyoshikana. Safinah aliyatazama mara moja tu. Yote yalizunguka kinyume.

Damu ikampanda. Wiki tatu yeye analia uso ndani ya mto wa kulalia, kumbe mwanamume yuko hai na anawafumia wengine kola!

"Nafuna, kola hiyo kakufumia nani?"

Nafuna alimkazia macho. "Kaa, dada. Nitakwambia."

"Niambie sasa! Mkono huo naujua. Maua kumi na manne, mimi alinipa moja!"

"Safinah!" Nalongo alisema kwa sauti ya chini, sauti ya kumnyamazisha mtu kanisani.

Alikuwa amechelewa. Fadhul, aliyekuja kumchukua dada yake, alikuwa amesimama kwenye ngazi, kofia mkononi. Nyuma yake langoni mwenzake mwenye miwani myeusi aliegemea Landrova. Fadhul akapanda, akainama kwenye shingo ya Nafuna kama mtu anayesoma.

"Ua hili limegeuka," alisema. "Nani kafuma?"

Hakuna kulabu iliyotikisika.

"Sisi," alisema Nalongo. "Hapa tunafuma hivyo."

"Wote?"

"Wote."

Fadhul akamtazama dada yake, kisha mwenzake. Yule wa miwani ndiye aliyejibu, akicheka: "Jumamosi ijayo tutakuja tuone, mama. Mimi napenda sana kazi za mikono."

Walipoondoka na Safinah ndani ya gari, kazi yake ilibaki kwenye kiti. Jumatatu Nafuna aliileta kiwandani, imekunjwa ndani ya gazeti. Walisimama kando ya bomba, maji yakimwagika kwa kelele.

"Mjinga wewe," Nafuna alimnong'oneza, machozi yakimlengalenga. "Kola ile ilikuwa barua yako. Aliniambia, ivae Jumamosi, Safinah akiyaona maua atajua niko hai. Ukaisoma mbele ya jeshi."

Safinah aliegemea ukuta. "Mbona hamkuniambia?"

"Nani amwambie mtu anayelala nyumba moja na sajini?"

Jumatano baada ya kazi alikwenda nyumbani kwa Nafuna, Bugolobi, ghorofa ya pili, mkononi kapu la ndizi kama mgeni wa kawaida. Olweny alikuwa kwenye stoo nyuma ya jiko, amekaa juu ya debe, ndevu zimemwota, amevaa sweta ya kike ya Nafuna iliyomkomea viwikoni. Walitazamana. Halafu Safinah akacheka huku analia.

"Bwana Harusi gani huyu, na sweta ya waridi?"

"Usinichekeshe. Hapa hakuna kucheka wala kukohoa. Choo sivuti maji mpaka Nafuna arudi." Akaishika mikono yake. "Wiki tatu ninasikiliza jirani akipika. Najua akikaanga nini. Nilidhani nitapotelewa na akili, ndipo nikaanza yale maua."

"Nimekuua, Olweny. Kwa wivu wangu."

"Bado napumua. Njoo karibu uhakikishe."

Alikaa pale chini, kichwa begani pake. Sweta ilinuka sabuni ya mtu mwingine, lakini shingo ilikuwa yake. Olweny akamwambia mpango. Dereva mmoja wa lori la kahawa, Jafar, alikuwa anaondoka Jumamosi saa tisa kwenda mpakani, na nyuma ya magunia palikuwa na nafasi ya watu wawili.

"Wawili, Safi. Nairobi nitakuoa. Kwa shehe, kwa padri, kwa mkuu wa wilaya, popote utakapotaka. Utakubali?"

"Nakubali." Ilimtoka kabla hajafikiri. Kisha akafikiri. "Jumamosi saa tisa?"

"Saa tisa."

"Saa nane wanakuja kwa Nalongo kututazama. Kiti changu kikiwa kitupu, watajua. Watafunga barabara zote kabla lori halijafika Jinja."

Mlango wa jirani ukafungwa, wote wawili wakazuia pumzi.

"Basi sitakwenda," alisema Olweny.

"Utakwenda. Mimi nitakufuata. Wiki mbili, mwezi."

"Niapie."

"Wallahi nitakufuata," alisema Safinah, na siku ile alimaanisha.

Barazani, wiki ile yote, wanawake walikutana karibu kila jioni baada ya kazi. Nalongo aliivunja sheria yake mwenyewe. Alimweka Safinah katikati akifuma kwa kulia, akawapanga wengine mbele yake uso kwa uso, wamwige kama kioo kwa mkono wa kushoto. Zilikuwa jioni za aibu. Mabingwa wa miaka ishirini walitoa mafundo kama ya watoto.

"Mkono wangu umekuwa wa mtu mwingine," alilalamika mmoja.

"Mfumulie mwenzio, mwanzishe upya," Nalongo alijibu. "Mungu ameumba mikono miwili. Huu mwingine tulikuwa tumeulaza bure."

Safinah, akishawafundisha, alirudi nyumbani akajifunza mwenyewe mbele ya kioo cha kabati. Ijumaa maua yao yalikuwa yamelegea na yamepinda, lakini yalizunguka kinyume.

Jumamosi saa nane Landrova ilisimama langoni. Yule wa miwani alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Fumeni."

Wakafuma, wanawake wanane, mikono ya kushoto minane. Jasho lilimtoka Nafuna chini ya ile kola. Saa nane na nusu. Saa tisa kasorobo. Yule mtu alinyoosha kidole kwa huyu, kwa yule, akitaka kuona ua likianza na kumalizika. Saa tisa ilipolia kwenye redio ya jirani, Safinah alisikia lori likipanda mlima mahali fulani. Huenda halikuwa lile. Hakuruka nguzo hata moja.

"Sajini," alisema wa miwani, "wewe ndiye uliyesema huu ni mkono wa mtu mmoja, fundi yule wa taipu tunayemtafuta."

Fadhul alichukua ua kutoka kwa Nalongo, akachukua la Safinah, akayaweka pamoja kwenye kiganja. Alikuwa amekunywa chai chini ya ua la Olweny miezi mingi. Alijua lililokazwa na lililolegea. Alimtazama dada yake kwa muda mrefu.

"Nilikosea," alisema. "Wote wanafuma hivi."

"Utaandika hivyo na kutia sahihi?"

"Nitatia sahihi."

Walirudi Makindye kwa miguu, kaka na dada, maana Fadhul alikataa gari. Walipita kanisa na msikiti na soko lisilokuwa na kitu. Karibu na nyumbani Fadhul akasimama.

"Ameondoka?"

Safinah akafungua mdomo.

"Usiniambie. Sikiliza tu. Nimetia sahihi kwamba mtu huyo hayupo, na kwamba dada yangu hahusiani naye. Wamekwisha andika jina lako chini ya langu. Siku utakayovuka mpaka, Safi, hata baada ya mwaka, hata kwenda kumsalimia shangazi, watakuja kwangu kwanza." Aliivua kofia yake. "Kukuzuia siwezi. Nimekwambia ili ujue tu."

Safinah alimtazama huyu mwanamume aliyemfunga kamba za viatu akiwa mtoto. Kwa mbali lori lilikuwa limefika wapi? Lugazi? Mto Nile? Alihesabu maili kichwani, na kila maili iliyompa Olweny uhai ilimwondolea yeye mchumba.

Akaingia ndani, akawasha jiko, akapakua wali na maharage. Fadhul alikaa mezani na sare yake, hakugusa kijiko.

"Utanisamehe?"

Safinah alivuta kiti chake, akakaa kumkabili, akamsogezea sahani.

"Kula, kaka. Chakula kinapoa."